Ile noti moja ya Purcell

Kuna kipande cha muziki cha dakika tatu hivi nimekuwa nakisikiliza tangu Kwaresima, asubuhi kwenye daladala, usiku watoto wakishalala, saa nyingine niko jikoni nasubiri maji yachemke, na kila nikisema sasa basi nimekielewa nahamia kingine, kesho yake nakuta kidole kimerudi palepale. Ni cha Mwingereza, Henry Purcell, cha mwaka 1680 au karibu na hapo, na jina lake ukiliweka kwa lugha yetu ni "Fantasia juu ya noti moja", fantasia ikiwa ni muziki wa vyombo ambao mtunzi anafuata mawazo yake mwenyewe. Na jina ni kweli tupu. Vyombo vitano, vinne vinatembea vinakotaka, kimoja kinashika C. C ya katikati ya kinanda, hiyo hiyo. Wenzake wanaanza taratibu, kiko C. Wanakimbia, kiko C. Wanaingia kwenye huzuni unayoisikia mpaka kifuani, kiko C. Wanamaliza, bado kiko C.

Nataka niandike kuhusu tabia ya huu muziki, unavyofanya kazi ndani yake na unavyomfanya mtu anayesikiliza, kwa sababu kila niliyemweleza ameniambia "aah, kwa hiyo ni kama mchezo fulani hivi", na mimi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani hivyo hivyo, na sio hivyo kabisa.

Naimba sauti ya tena, ile ya wanaume iliyo juu ya besi, kwenye kwaya ya kanisa, mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ninayoijua, sol-fa, ile ya do re mi. Kwenye kipande hiki do ni F. Ukishajua hilo basi C ni so. Nikachukua daftari la mazoezi nikajaribu kuuandika ule mstari wa noti moja kwa sol-fa, kama mwalimu anavyotuandikia ubaoni, nikaandika hivi:

s :– | – :– | – :– | – :– | – :– |

Halafu nikaendelea. Vistari, vistari, vistari, mpaka ukurasa ukaisha, na hakuna herufi nyingine niliyoandika zaidi ya ile s ya mwanzo. Wanaoimba kwa sol-fa wanajua kistari maana yake nini, shikilia, usiachie. Nikakaa naangalia ule ukurasa nikamfikiria mtu anapewa hiyo karatasi anaambiwa hii ndiyo sehemu yako, na wenzake kurasa zao zimejaa noti hadi pembeni.

Mara ya kwanza nilisikiliza kwa kuitafuta C, ipo au haipo, kama mtu anayehesabu ng'ombe. Nikaipata, ipo, nikafurahi, nikafunga. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nilikuwa kwenye foleni ya Mwenge, gari limesimama, konda kashuka, na sijui kwa nini siku hiyo sikuitafuta, nikaacha muziki upite tu. Ukafika katikati, pale mwendo unapopungua na F meja, ngazi yenye sauti ya furaha, inageuka kuwa maina, ngazi yenye sauti ya huzuni, sauti zote zinashuka kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa, na ndani ya ile maina nikasikia kitu kimoja kinaumia kuliko vingine. Nikasema hiyo ni noti gani? Kumbe ni C. Ile ile niliyokuwa naisikia tangu mwanzo na sikuitambua! Haijasogea hata kidogo, haijaongezwa nguvu, mpigaji hajabadilisha kidole, na bado ilikuwa noti nyingine.

Hapo ndo nilikamatwa.

Mwenye kinanda ajaribu hii, hata kile cha kwenye simu kinatosha. Bonyeza C, usiiachie mpaka nimalize kueleza. Weka na F na A: do, mi, so. C imekaa juu, imetulia, haidai kitu. Toa hizo mbili, weka E na G: so, ti, re. Sasa C ndiyo mwenye nyumba, wengine wamejengwa juu yake. Toa, weka A chini na E juu: mi, so, ti. Hapa C imebanwa katikati na ndiyo inayoleta unyonge wote, maana katika sauti tatu zinazolia pamoja ile ya katikati ndiyo inaamua kama ni furaha au huzuni. Sasa sogeza hizo mbili zote nusu hatua chini, A iwe A flati, E iwe E flati, ile C usiiguse: ma, so, ta, yaani mi na ti zilizoshushwa. Sikia! C bado iko katikati, bado ndiyo mwamuzi, lakini sasa ndiyo inayoleta utamu. Dakika hii ilikuwa inahuzunisha, dakika hii inafariji, na kidole chako hakijaondoka.

Nimeifanya hii na mwanangu wa miaka tisa, yeye kashika C, mimi napiga zilizobaki, akaniambia "baba, mbona yangu inabadilika?" Nikamwambia angalia kidole chako. Akaangalia, akanyamaza, akasema turudie. Tulirudia sijui mara ngapi siku ile, mama yake alikuja kusimama mlangoni na yeye akasikiliza.

Na hizo ni zile kesi rahisi ambapo C inakubaliana na jirani zake. Purcell haishii hapo. Kuna mahali sauti nyingine inakanyaga fa, yaani B flati, au inapita la, yaani D, na hizo zinapakana kabisa na C, hatua moja chini na hatua moja juu, na jirani wa hatua moja mkilia pamoja mnakwaruzana. Sasa kwa kawaida kwenye kwaya mkikwaruzana namna hiyo mwandishi anamwambia mmoja wenu ashuke, mambo yanaisha. Hapa C haishuki, imeshasema haishuki, kwa hiyo yule mwingine ndiye anatafuta njia ya kutokea, na anaipata kila mara kwa namna ambayo hukuifikiria. Mimi naona uzuri mkubwa uko hapo. Ile noti haimfungi Purcell, inamlazimisha kutafuta njia ambazo asingezitafuta, na zile njia ndizo zinafanya moyo uruke.

Mwendo wake kwa ujumla uko hivi, ili ukisikiliza usipotee. Kinaanza kwa upole, sauti moja inasema jambo, nyingine inalidaka inalirudia kwa namna yake, ya tatu inaingia, kama wazee wanaoongea barazani hakuna anayemkatiza mwenzake ila hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Kisha kinachangamka. Kisha inakuja ile sehemu ya polepole ya maina niliyosema, na hapo sauti zinaacha kupokezana zinasogea pamoja, na nakuomba ukifika hapo usiwe unafanya kitu kingine. Halafu ghafla mbio, noti ndogondogo zinapanda na kushuka, furaha ya watoto waliofungua shule. Na mwisho kinatua kwa upana. Yote hayo kwenye dakika tatu! Wimbo mmoja wa bongo fleva unakuwa bado haujaisha.

Na kwenye hizo mbio ndipo ile C inanipendeza kwa namna nyingine kabisa. Kwenye sehemu ya polepole C inabadilika sura, sawa, lakini kwenye mbio haina muda wa kubadilika, wenzake wanaizunguka haraka mno, basi inakuwa kama nguzo ya katikati kwenye banda, huitazami, ila ukisikia wengine wanavyoruka bila woga unajua kuna kitu kimesimama.

Rafiki yangu mmoja anapiga besi kwenye bendi, tulibishana sana juu ya hili. Yeye anasema mbona ni kitu cha kawaida, wapiga kinanda cha kanisani wanakanyaga noti moja kwa mguu wanaishikilia chini huku mikono inacheza juu, na zumari za Waskoti zile za mfuko zina sauti moja haikomi. Nikamwambia ndiyo, ila hizo nyingi zinakaa chini. Noti ikikaa chini ikashikilia, inatawala, kila kilicho juu kinaisikiliza yenyewe, na wewe mtu wa besi unalijua hilo kuliko mimi. Hii ya Purcell iko katikati, kwenye sauti ya tena, ina watu juu na ina watu chini, na walio chini wana uhuru wote wa kuhama. Besi akihama, maana ya C inahama naye. Kwa hiyo haitawali mtu. Alikaa kimya kidogo akasema hapo kaka umenipata, akaomba nimtumie.

Sasa vyombo vyenyewe. Sio fidla, ndugu zangu wa taarab msije mkaniuliza. Ni jamaa wengine kabisa, Waitaliano wanaiita viola da gamba, yaani viola ya mguuni, kwa sababu hata ile ndogo kabisa unaiegesha mapajani au unaibana katikati ya miguu, huiweki begani. Ina nyuzi sita, za utumbo wa mnyama, na shingoni kuna vizuizi kama vya gitaa ila navyo ni vipande vya utumbo vilivyofungwa kwa kuzungushwa. Uta unashikwa kiganja kikitazama juu, kinyume na fidla. Sauti yake haina ule ukali wa fidla, ina hewahewa ndani yake, kama mtu anayeongea kwa sauti ya chini chumba cha pili, na ukiweka tano pamoja hakuna moja inayojitokeza kuwafunika wengine. Ndiyo maana kipande hiki kinafaa kwao. Zilikuwa zinapigwa nyumbani, watu wanakaa duara wanapiga kwa ajili yao wenyewe, hakuna ukumbi, hakuna tiketi.

Na kuna jambo sikulifikiria mpaka nilipoangalia video ya watu watano wanapiga, kamera ikamwendea yule wa C. Uta una mwisho! Hauwezi kuvuta noti moja dakika tatu, unafika ncha, lazima urudi, na kila unaporudi kuna hatari ya mkato kusikika. Yule dada alikuwa anarudisha uta wake pale ambapo wengine wanafanya jambo kubwa, ili mgeuko wake ujifiche ndani yao, na pale kwenye maina alikuwa anapunguza uzito taratibu mpaka noti ikawa uzi, halafu anairudisha. Macho yake hayakuwa kwenye karatasi hata mara moja, karatasi ya nini, yalikuwa kwa wenzake muda wote. Sisi waimbaji tunafanya hivyo kwenye noti ndefu, tunaibia pumzi kwa zamu, wewe ukivuta hewa jirani yako anashikilia, ila yeye alikuwa peke yake.

Kuhusu Purcell mwenyewe niseme kidogo maana inasaidia kukisikia. Alizaliwa 1659, akaimba utotoni kwenye kwaya ya kanisa la mfalme, sauti ikavunjika 1673 kama inavyovunjika ya kila mvulana. Wakamweka kusaidia mtu anayetunza vyombo vya muziki vya mfalme, na kuanzia 1675 hivi akawa analipwa kutegesha kinanda kikubwa cha Westminster Abbey, lile kanisa kubwa la London. Hapa naweka wazo langu mwenyewe, msinihesabie kama historia. Mtu anayetegesha kinanda cha mabomba anafanyaje? Anashikilia noti moja, anaiacha ilie, anasogeza nyingine mpaka zikubaliane, anahamia ya tatu, ile ya kwanza bado inalia. Masaa na masaa. Kijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, masikio yake yanakaa kwenye noti moja anasikia jinsi inavyobadilika kila jirani mpya anapofika. Mimi siwezi kusikiliza hii fantasia bila kumwona yule kijana mle kanisani peke yake.

1679 akawa mpiga kinanda wa Westminster Abbey. 1680, kati ya Juni na Agosti, akaandika fantasia za sauti nne moja baada ya nyingine, nyingine zimepishana siku chache tu, tarehe kaziandika mwenyewe kwenye daftari lake. Hii ya noti moja haina tarehe ila imo kwenye daftari hilo hilo. Alikuwa na miaka ishirini, ishirini na moja. Na jambo la kushangaza ni kwamba hakuna aliyezihitaji. Mfalme Charles II alikuwa amerudi kutoka uhamishoni mwaka 1660 akiwa na masikio ya Kifaransa, akaunda kundi la fidla 24 kama la mfalme wa Ufaransa, alitaka muziki anaoweza kugonga mguu, na Roger North, mtu wa zama hizo hizo, aliandika kwamba mfalme alizichukia fantasia hasa. Ulikuwa muziki wa babu zao. Waingereza walikuwa wameupiga kwa zaidi ya miaka mia, na walikuwa na desturi moja, waliita In nomine, ambapo sauti moja ya katikati inashika wimbo wa zamani wa kanisani kwa noti ndefu sana na wengine wanausuka kuuzunguka. Purcell aliandika In nomine zake pia. Na katika hii moja akaichukua ile desturi akaipunguza, ule wimbo mrefu akauondoa, akabakiza noti moja tu, kana kwamba anauliza, kwani mnahitaji kiasi gani ili kuwe na kitu cha kuzunguka?

Kwa hiyo kijana mwenye kazi kubwa mjini, anayejua vizuri mkubwa wake anapenda nini, anakaa chini msimu mzima anaandika muziki ambao hautachezwa ikulu. Daftari likabaki daftari. Hizo fantasia hazikuchapishwa mpaka 1927, miaka karibu mia mbili na hamsini baadaye, mtunzi Peter Warlock alizinakili na mpiga fidla André Mangeot akazihariri, na sasa subirini, mchapishaji alikuwa J. Curwen & Sons wa London.

Wana kwaya mnaosoma hapa jina hilo liwashtue. John Curwen ndiye mchungaji aliyechukua mbinu ya mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, akaiendeleza kuwa sol-fa hii tunayoisoma, ili watu wasiokuwa na chombo wala pesa ya kujifunza noti za mistari waweze kuimba sauti nne kwa karatasi tu. Wamisionari wakaibeba. Ikafika kwetu, bibi yangu aliisoma, mimi naisoma, vijana wetu wanajaza madaftari nayo kila Alhamisi. Na nyumba ile ile ya uchapishaji aliyoianzisha ndiyo iliyomtoa Purcell kwenye lile daftari. Nilipolijua hili nilikuwa na daftari langu mezani limefunguliwa kwenye ule ukurasa wa s na vistari. Sina maneno mazuri ya kueleza nilivyojisikia, niliweka mkono juu ya ukurasa nikakaa hivyo muda.

Basi nikamwomba mwalimu wetu wa kwaya tujaribu. Sio kipande chenyewe, kigumu, ni lile zoezi tu. Sisi wa tena wote, tuko saba, tushike so, soprano alto na besi wahame taratibu, mwalimu awaongoze kwa mkono. Akakubali, baada ya mazoezi ya Jumapili, watu walikuwa wameshachoka. Akatoa sauti kwenye kinanda, akakifunga, tukaanza. Do mi so, vizuri. Mi so ti, vizuri. Walipoingia ma, sisi wa tena tukaanza kushuka bila kujua, unajua maina inavyovuta chini, na soprano kwa sababu wanatusikiliza sisi wakashuka nasi, na mwalimu alipofungua kinanda mwishoni kuhakikisha, tulikuwa chini karibu nusu hatua nzima. Noti moja! Hatukutakiwa kufanya kingine chochote duniani zaidi ya kukaa pale tulipokuwa.

Mwalimu akasema ninyi wa tena mnalala. Tukarudia, tukashuka tena. Mara ya tatu tukakaza, tukaimba kwa nguvu, tukabaki kwenye sauti ila ilikuwa mbaya, ngumu kama ubao, alto wakalalamika hawajisikii. Tuna mzee mmoja kwenye tena, ameimba tangu enzi za mapadre wazungu, huwa hasemi sana. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba niseme."

"Sema mzee wangu."

"Hawa vijana wanaisikiliza so yao. Waache. Wawasikilize hao wengine."

Mwalimu akatuangalia, akasema mmemsikia mzee, haya. Na mzee akatuambia sisi wa tena, pole pole, wanangu, besi akihama muulizeni moyoni sasa mimi ni nani kwako, msijishike wenyewe. Tukaimba. Do mi so. So ti re. Mi so ti. Ma so ta. Nilimsikiliza besi tu, nilimsikiliza mpaka nikasahau kwamba mimi mwenyewe naimba, na nikasikia noti yangu mdomoni inageuka, inakuwa nyepesi, inakuwa nzito, inakuwa tamu, na mimi sijafanya kitu. Mwalimu akafungua kinanda. C. Ilikuwa C.

Watu walipiga makofi kwa noti moja, jamani. Dada mmoja wa soprano alikuwa anafuta macho.

Kwa anayetaka kusikiliza, anza na wanaopiga kwa gamba, mara ya kwanza usiitafute C, acha ipite. Mara ya pili iimbe nao, mdomo umefungwa, mmm, kutoka mwanzo mpaka mwisho, hapo ndipo utajua. Kama kinanda chako kinakataa kukubaliana nao usishangae, wapigaji wengi wa muziki huu wanategesha vyombo vyao chini kwa karibu nusu hatua, kwa hiyo C yao inasikika kama B yetu. Ukishakizoea tafuta na ya fidla na viola za kisasa. Benjamin Britten, naye Mwingereza, naye mtunzi, aliirekodi miaka ya 1940 na kundi la Zorian Quartet, yeye mwenyewe akiongezeka kama mtu wa tano na viola yake. Mmarekani Elliott Carter akaiandika upya 1974 kwa tarumbeta na ndugu zake, vyombo vitano vya kupuliza vya shaba. Mimi hiyo ya shaba naiheshimu ila sirudii sana, sauti zile zinajitokeza mno, C inakuwa kama imesimama jukwaani na nadhani haikuumbwa kwa ajili hiyo.

Purcell alifariki tarehe 21 Novemba 1695, hajafika hata miaka arobaini, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, yule yule msimamizi wetu wanamuziki ambaye yeye Purcell alimwandikia nyimbo kubwa za sikukuu yake. Muziki aliouandika kwa mazishi ya Malkia Mary mwezi Machi mwaka ule ule ndio ulioimbwa kwenye mazishi yake mwenyewe. Wamemzika Westminster Abbey, karibu na kinanda kile.

Mwaka huu tarehe 22 Novemba, kwaya yetu ina misa na baada ya misa tunakula pamoja. Nimeshaanza kuiandika ile sehemu ya polepole kwa sol-fa, bila maneno, mdomo umefungwa, sauti nne zinazohama na moja iliyokaa, mwalimu ameiona amesema tutaona. Nilimwambia mzee kwamba kwa sababu sauti nne zinatumia watu wengi, ile ya tano itabaki na mtu mmoja au wawili tu, na nilikuwa najiandaa kumwomba kwa heshima zote, hakunisubiri.

"Hiyo s niachie mimi," akasema.

Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Jana nimemwandikia karatasi yake kwa kalamu nene, herufi kubwa kama kiganja, halafu vistari.